Kabla Hujakopa Kununua Projekta Mpya: Namna ya Kuseti Picha Kwenye Banda la Mpira



Leo naongea na wenye vibanda umiza, na yeyote anayetumia projekta ndogo ya nyumbani kutafutia riziki: mwenye mgahawa anayeonyesha mechi jioni, anayekodisha projekta kwenye sherehe, hata mwenye kijiwe cha kahawa aliyepaka ukuta rangi nyeupe ili wateja wakae.

Mimi nina banda Mbagala. Mabenchi, bati juu, watu kama 60 wakibanana, kiingilio shilingi 1,000. Msimu uliopita nilibaki kidogo tu nikope laki tisa kwenye kikoba ninunue projekta mpya. Picha ilikuwa imefifia na wateja walishaanza kuhamia kwa jirani mwenye tivii mbili.

Jumamosi moja, mechi ya mchana, mzee mmoja ambaye huwa hakosi alinyanyuka dakika ya 20 akatoka. Nikamfuata mlangoni.

"Shikamoo mzee, mbona mapema?"

"Marahaba mwanangu. Mimi mpira siuoni. Naona ukungu wenye makelele."

Akaenda zake, wala hakudai hela yake. Iliniuma kuliko angedai.

Kabla sijasaini mkopo nikamuita jamaa yangu anayepiga video za harusi aje anishauri ninunue projekta ipi. Alipofika hakushika hata rimoti. Aliniuliza, "Kaka, hebu zima projekta. Ukuta una rangi gani?" Nikamwambia kijivu, maana mwanga unaingia. Akasema, "Basi hiyo kijivu ndiyo weusi wako. Projekta hairushi weusi."

Wadau, hilo neno liliniokolea laki tisa. Ngoja nilifafanue, maana hatua zote huko chini zinategemea hapo.

PROJEKTA INAONGEZA MWANGA TU, HAIWEZI KUUPUNGUZA

Tivii ikiwa imezimwa kioo chake ni cheusi. Ukuta wako ni mweupe. Projekta inapotaka kuonyesha kitu cheusi, mfano bukta ya refa, kazi yake ni kutorusha mwanga sehemu hiyo. Kwa hiyo weusi unaouona ni ule ukuta wenyewe ukiwa haujamulikwa. Kama banda lina mwanga wa jua, bukta ya refa itakuwa kijivu hata ukiwa na projekta ya bei mbaya.

Na macho yetu yanaona picha kuwa kali kwa tofauti kati ya cheusi na cheupe. Tofauti ikiwa ndogo, picha inaonekana kama ina ukungu. Mimi nilipoona ukungu nilikimbilia rimoti nikapandisha Brightness hadi 80. Kumbe nilikuwa naongeza ukungu. Sababu utaiona hatua ya 6.

Sasa fuata hatua kwa mpangilio huu. Usiruke, kwa sababu ukiseti menyu kabla ya kurekebisha banda, utarudia kazi yote.

HATUA YA 1: UA MWANGA WA NDANI

Ingia bandani saa saba mchana, funga mlango, zima kila kitu, kaa dakika tano macho yazoee. Utaona matundu ya misumari kwenye bati, nyufa za mbao, na uwazi juu ya mlango. Ziba. Kwenye bati tumia lami ya kuzibia au vipande vya mpira. Kwenye kuta tumia turubai zito.

Mlangoni weka mapazia mawili yaliyoachana kama hatua moja. Mteja akiingia anafungua la kwanza, linajifunga nyuma yake, ndipo anafungua la pili. Picha haipigwi jua kila mtu anapotoka kwenda kujisaidia.

Angalizo: usizibe hewa. Watu 60 kwenye bati bila hewa ni hatari. Kwenye madirisha ya hewa weka ubao kwa ndani, uache nafasi pembeni. Hewa inapita, jua haliingii moja kwa moja. Acha pia taa moja ndogo nyuma ya watazamaji, karibu na mlango, ili kukitokea dharura watu waione njia.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: picha yenyewe inarusha mwanga kwenye dari na kuta za pembeni, halafu mwanga huo unarudi tena kwenye picha. Paka mita mbili za karibu na picha rangi ya giza isiyong'aa, au ning'iniza kitambaa cheusi. Mimi nilitumia kitambaa.

HATUA YA 2: UKUTA AU KITAMBAA

Shuka jeupe la kitandani linapitisha mwanga nyuma. Simama nyuma yake mechi ikiendelea. Kama unaona picha, ujue huo ni mwanga wako unaopotea. Shuka pia linapepea kwa feni, na mistari ya uwanja inajikunja.

Ukuta uliopigwa plasta vizuri na kupakwa rangi ya maji nyeupe isiyong'aa unafanya kazi nzuri kuliko shuka. Usipake rangi ya mafuta inayong'aa, maana katikati panakuwa na doa la mwanga na walio pembeni hawaoni vizuri. Kama banda ni la mbao, tumia ubao laini wa dari uliopakwa rangi hiyo hiyo.

Ukimaliza, zungushia picha ukingo mweusi wa upana wa kiganja. Hauongezi mwanga wowote, lakini jicho likiona weusi wa kweli pembeni, picha inaonekana imekolea.

HATUA YA 3: PUNGUZA UKUBWA WA PICHA

Hapa wengi tunakosea kwa tamaa. Tunataka ukuta mzima uwe picha. Mwanga wa projekta ni ule ule, ukiutandaza sehemu kubwa unakuwa mwepesi, kama siagi kwenye mkate.

Hesabu iko hivi. Ukiongeza upana wa picha mara mbili, eneo linakuwa mara nne, kwa hiyo mwanga unabaki robo. Mimi picha yangu ilikuwa na upana wa mita 3. Nikaipunguza ikawa mita 2 na nusu. Piga 3 mara 3 unapata 9, na 2.5 mara 2.5 unapata 6.25. Gawanya 9 kwa 6.25, jibu ni 1.44. Yaani mwanga wa picha uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 40 bila kutoa hata senti.

Punguza kwa kusogeza projekta karibu na ukuta, au kwa kuzungusha zumu ya kwenye lensi kama ipo. Usitumie zumu ya ndani ya menyu. Ile inapunguza picha kwa kuziba pembeni, lakini mwanga haukusanyiki katikati, na unapoteza vidoti vya picha.

Kama benchi la mwisho litaona tabu, sogeza mabenchi mbele. Benchi la mwisho nimeliweka mita 6 kutoka ukutani na wanasoma namba za jezi.

HATUA YA 4: NYOOSHA PROJEKTA, USINYOOSHE PICHA

Projekta ikiwa imeinamishwa au imekaa pembeni, picha inakuwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kwenye menyu kuna kitu kinaitwa Keystone cha kunyoosha hiyo. Tatizo ni kwamba Keystone inafanya kazi kwa kukata na kuiminya picha ndani ya mashine. Vidoti vinapotea, mwanga unapungua, na namba ya muda na matokeo pale juu inakuwa na ukungu.

Dawa ni kuweka mashine yenyewe iangalie ukuta moja kwa moja, katikati ya picha kwa kulia na kushoto. Projekta nyingi zimetengenezwa kurusha picha kwenda juu kidogo, kwa hiyo zinakaa vizuri usawa wa chini ya picha. Ukiitundika darini, igeuze kichwa chini, iwe usawa wa juu ya picha, kisha kwenye menyu tafuta sehemu ya kugeuza picha, mara nyingi imeandikwa Projection au Ceiling. Rudisha Keystone kwenye sifuri. Ukiihitaji, iwe kidogo tu.

Kuitundika darini kuna faida nyingine: hakuna kichwa cha mtu kinachopita mbele ya picha wakati wa penalti.

HATUA YA 5: SAFISHA LENSI, SUBIRI IPATE MOTO, NDIPO USETI FOKASI

Vumbi na moshi wa jiko la chips vinafunika lensi taratibu, hutagundua. Futa kwa kitambaa laini kikavu cha miwani. Pulizia vumbi kwanza, ukisugua na mchanga utaikwaruza.

Washa projekta dakika 15 hadi 20 kabla ya kuseti fokasi. Projekta ndogo nyingi, lensi ikipata moto fokasi inahama. Ukiseti ikiwa baridi, kipindi cha kwanza picha ni safi, cha pili ina ukungu. Tumia maandishi, sio nyuso za watu. Menyu ya king'amuzi inatosha.

HATUA YA 6: SASA SHIKA RIMOTI

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye projekta nyingi, ili usipotee.

Utahitaji picha moja ya kupimia. Yangu alinipa yule jamaa wa video: bwana harusi mwenye suti nyeusi na bibi harusi mwenye gauni jeupe la lesi. Weusi na weupe vyote viko humo. Iweke kwenye kompyuta, uiunganishe kwa waya wa HDMI kwenye tundu lile lile unalochomeka king'amuzi. Projekta nyingi zinatunza seti ya kila tundu peke yake.

Picture Mode. Anza na Standard, au Movie kama banda lina giza la kutosha. Dynamic au Vivid ndiyo yenye mwanga mkali kuliko zote, lakini mara nyingi inatia ukijani na nyasi zinaonekana kama za plastiki. Iache kwa ajili ya mechi za mchana tu.

Brightness. Jina lake linadanganya. Haiongezi nguvu ya taa. Inachofanya ni kupandisha au kushusha sehemu nyeusi za picha. Ukiipandisha sana, cheusi kinakuwa kijivu, na hapo ndipo mimi nilikuwa natengeneza ukungu kwa mkono wangu. Fanya hivi: angalia suti ya bwana harusi. Shusha Brightness mpaka mikunjo na vifungo vya suti vipotee. Kisha panda taratibu mpaka uanze kuviona kwa shida. Simama hapo.

Contrast. Hii inahusika na weupe. Angalia gauni la bibi harusi. Pandisha mpaka maua ya lesi yapotee na gauni libaki kama karatasi nyeupe. Kisha shusha mpaka maua yarudi. Simama hapo. Kwenye mechi utajua umepatia ukiona mikunjo ya jezi nyeupe na mpira haupotei ukipita mbele yake. Ukimaliza, rudi uangalie tena Brightness, kwa sababu hizi mbili zinasukumana.

Color. Hapa weka marudio ya mechi ya watani. Jezi nyekundu ya Simba ikionekana donge moja lisilo na mikunjo, rangi imezidi. Angalia pia uso wa mchezaji. Ngozi ikiwa na wekundu kama ameungua jua, shusha. Usiamini nyasi, kila uwanja una nyasi zake.

Color Temperature. Chagua Warm au Standard. Cool inatia ubluu. Mwanzoni Warm itaonekana ya njano, maana jicho limezoea ubluu. Vumilia siku mbili, utaona ngozi za watu zimekuwa za watu.

Sharpness. Watu wanadhani ukiijaza picha inakuwa safi zaidi. Hapana. Inachora mstari mweupe kuzunguka kila mchezaji na kila herufi. Shusha mpaka mistari hiyo ipotee.

Ukimaliza, piga picha ya kila ukurasa wa menyu kwa simu yako. Siku kijana wako wa mlangoni akibonyeza Reset kwa bahati mbaya, huna haja ya kuanza upya.

HATUA YA 7: USISAHAU KING'AMUZI

Kama unatumia zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, badilisha leo. Hazipitishi picha ya HD kabisa. Nunua waya wa HDMI.

Ingia kwenye seti za king'amuzi, hakikisha picha inatoka HD, yaani 720 au 1080, na umbo ni 16:9. Wachezaji wakionekana wanene na wafupi, au kibao cha matokeo kimekatwa pembeni, tatizo liko kwenye umbo la picha. Kwenye projekta linaitwa Aspect.

SETI MBILI: YA MCHANA NA YA USIKU

Mechi za Uingereza za mapema Jumamosi huku kwetu zinaanza saa 8 na nusu mchana wakati wa majira yao ya joto, na saa 9 na nusu wakati wa baridi. Zile za Ligi ya Mabingwa za usiku zinaanza saa 4 au saa 5. Seti moja haiwezi kutosha kwa jua la saa nane na giza la saa tano.

Projekta nyingi zina nafasi ya kuhifadhi seti zaidi ya moja, mara nyingi inaitwa User. Ya usiku iwe ile uliyoipima na picha ya harusi. Ya mchana tumia Dynamic, na taa isiwe kwenye Eco. Eco inapunguza mwanga na kurefusha maisha ya taa, kwa hiyo usiku, kama picha inatosha, iwashe upumzishe mashine.

Kama projekta yako ni ya taa ya kubadilisha, angalia saa zilizotumika, mara nyingi ziko kwenye sehemu ya Information. Taa nyingi za aina hiyo zinaandikwa saa 3,000 hadi 5,000, lakini mwanga unaanza kupungua mapema zaidi ya hapo. Safisha chujio la vumbi kila wiki. Na mechi ikiisha usichomoe umeme, zima kwa rimoti, subiri feni isimame yenyewe.

JE, NI LINI UNUNUE MPYA?

Kama umefanya yote haya na usiku picha bado ni hafifu, hapo una sababu. Ukienda dukani, usisome namba kubwa iliyo juu ya boksi. Uliza lumeni za ANSI au ISO, maana hizo zina kipimo maalumu. Namba isiyo na maneno hayo muuzaji anaweza kuandika anavyotaka. Pili, boksi likisema "1080p supported" maana yake mashine inaipokea picha hiyo, sio kwamba inaionyesha yote. Uliza resolusheni yake ya asili. Ukikuta 800 kwa 480, ujue unanunua nini. Na uombe iwashwe hapo hapo dukani, sio kwenye kachumba chenye giza tu.

MIMI NILIISHIA WAPI

Vitambaa, lami ya bati, rangi ya maji na waya wa HDMI havikufika shilingi 80,000. Mkopo sikuchukua. Projekta ni ile ile.

Sitakudanganya kwamba mchana sasa ni kama usiku. Mechi za saa nane picha bado ni nyepesi kidogo, na nimepunguza kiingilio chake kuwa 500 ili mteja asijisikie ameibiwa. Ila usiku benchi zimejaa tena. Yule mzee nilimfuata nyumbani nikamuomba aje bure mara moja aone. Alikaa mpaka filimbi ya mwisho. Wakati anatoka akaniambia, "Leo nimeona hadi refa alivyokasirika." Jumamosi iliyofuata alilipa mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujasaini mkopo wowote, zima projekta kwanza, uangalie ukuta wako una rangi gani.

Wewe unaonyeshea kwenye ukuta, shuka au ubao? Niandikie hapo chini pamoja na upana wa picha yako, tupige hesabu pamoja. Na kama unamjua mwenye banda anayelalamika picha imefifia, mtumie hii kabla hajaenda dukani.

Kazi njema.